Kabla ya kulaumu ukabila kwa vyama vya mikoa, tuzisome sheria za usajili za mkoloni (uzi)

Mwana wa Kaloleni (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Nairobi nasikia maneno yale yale, kwenye matatu, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa: chama hiki ni cha watu wa Mlimani, kile cha watu wa Ziwa, kile cha Bonde, kile cha Pwani, na sisi Wakenya ndivyo tulivyoumbwa. Siyakubali maneno hayo. Ukabila upo, naujua, nimeishi nao. Lakini umbo la vyama vyetu lilichorwa na serikali, kwa sheria zenye tarehe, na maofisa waliozitia sahihi wanajulikana.

Tuanze na Juni 1955. KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, ilikuwa imepigwa marufuku tarehe 8 Juni 1953, karibu miezi minane baada ya kutangazwa hali ya hatari. Kwa miaka miwili Mwafrika hakuwa na chama chochote cha siasa. Kisha serikali ikasema: sasa mnaweza kuunda vyama, lakini kila chama kiishie kwenye mpaka wa wilaya yake. Chama cha nchi nzima, hapana. Na Mkoa wa Kati, walikotoka watu wengi waliokuwa kizuizini, haukupewa hata hicho cha wilaya. Huko liliruhusiwa baraza la ushauri la watu watiifu kwa serikali, basi.

Marufuku hiyo ilikuwa na meno, kwa sababu mwaka 1952 ilipitishwa sheria ya kusajili vyama. Bila cheti cha msajili, mkutano wenu ni kosa, kadi zenu ni kosa, na hata kuchanga pesa ni kosa.

Wa kwanza kulijaribu lango hilo alikuwa Clement Argwings-Kodhek, wakili aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Wengi tunapita kwenye barabara yenye jina lake kule Hurlingham bila kujua alichofanya. Mwishoni mwa 1955 aliunda chama akakiita Kenya African National Congress. Msajili akakataa. Neno "Kenya" lilikuwa kubwa mno, na neno "National" likazidi. Chama kikapata usajili mwaka 1956 kwa jina la Nairobi District African Congress. Jina lile peke yake linatosha kuonyesha sera nzima: mtu ana wazo la nchi, serikali inamkatia kipande cha wilaya.

Baada ya hapo vikafuata Mombasa African Democratic Union, Taita African Democratic Union, chama cha Nakuru, cha Nyanza ya Kati, cha Abagusii na vingine. Mwaka 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane. Mboya akachukua Nairobi, Odinga Nyanza ya Kati, Oguda Nyanza ya Kusini, Muliro Nyanza ya Kaskazini, Moi Bonde la Ufa, Ngala Pwani, Muimi Ukambani, Mate Mkoa wa Kati. Kila mmoja alikwenda kujijenga kwao. Alikuwa na chaguo gani? Kamati zake zilikuwa kwao, fedha zake kwao, mikutano aliyopewa kibali ilikuwa kwao. Odinga kwenda kufungua tawi Kitui, au Moi kufungua tawi Kwale, ilikuwa haramu kisheria.

Miaka mitano ilipita namna hiyo. Na ilikuwa miaka mitano ya kujifunza siasa ya kisasa: kusajili wanachama, kuhesabu kura, kutafuta wagombea. Lango lilipofunguliwa mwaka 1960, vyama vikubwa viwili, KANU (Kenya African National Union) na KADU (Kenya African Democratic Union), viliundwa kwa kuunganisha mashina ya wilaya ambayo tayari yalikuwa na wenyewe.

Hoja yangu ni hiyo. Karibuni mnipinge.

---

Shiro wa Pangani

Asante kwa uzi. Naomba kuongeza jambo kuhusu huo Mkoa wa Kati, kwa sababu watu hulipita haraka.

Kupiga kura mwaka 1957 Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji hati ya utiifu. Yaani serikali iridhike kwamba hukuwa na Mau Mau na kwamba uliipinga kwa vitendo. Cucu (nyanya) yangu hakuipata, na mume wake alikuwa kambini. Chifu wao aliipata, na ngati, walinzi wa kijiji wa upande wa serikali, waliipata. Juu ya hayo, mfumo ule haukuwa wa mtu mmoja kura moja: msomi, mwenye mali au mwenye utumishi mrefu aliweza kupata hadi kura tatu. Wameru walipata hati hizo kwa wingi kuliko Wakikuyu, na ndiyo maana mbunge wa mkoa mzima alikuwa Bernard Mate kutoka Meru.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini siasa za Mkoa wa Kati baadaye ziliingia zikiwa na hasira na haraka, kumbuka kwamba wenzao walikuwa na miaka mitano ya mazoezi na wao walikuwa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mitaro.

---

Mkaazi wa Ravine

Mwana wa Kaloleni, nakuheshimu, lakini hapa unaipa sheria sifa isiyo yake.

Kwanza, vyama vya kikabila vilikuwapo miaka thelathini na zaidi kabla ya 1955. Kikuyu Association ya machifu, Young Kavirondo Association ya 1921, Kikuyu Central Association (KCA) katikati ya miaka ya 1920. Nani aliwalazimisha kujiita Kikuyu na Kavirondo? Sheria ya 1952 haikuwapo.

Pili, KADU. Mimi ni mtu wa Bonde, nimekulia kwenye habari hizi. Wazee wetu hawakuingia KADU kwa sababu ya makaratasi ya msajili. Waliingia kwa sababu ya ardhi. Walijua Mzungu anaondoka, na mashamba yale ya Nyanda za Juu, ambayo mengi yalikuwa malisho ya Wanandi, Wakipsigis, Watugen na Wamaasai kabla ya reli, yatagawanywa. Swali likawa moja: na nani, kwa nani? Waliona KANU imejaa makabila mawili makubwa, wakaogopa. Hofu hiyo ingekuwapo hata kama mwaka 1955 serikali ingeruhusu vyama ishirini vya kitaifa.

Ukisema sheria ilichora umbo la vyama, unawaondolea wanasiasa na wananchi wajibu wao. Watu walikuwa na sababu zao, na zilikuwa sababu nzito.

---

Mwana wa Kaloleni

Mkaazi wa Ravine, hoja yako ya ardhi naipokea yote. Hofu ile ilikuwa ya kweli na haikuwa ya kijinga. Ninachokataa ni kwamba hofu ya ardhi lazima izae chama cha kundi la makabila. Hofu inahitaji mahali pa kukaa, na mwaka 1960 mahali palipokuwa tayari ni mashirika ya wilaya na makabila. Angalia KADU ilivyozaliwa Ngong mwezi Juni 1960: Kalenjin Political Alliance ya kina Towett na Moi, Maasai United Front, Coast African Political Union ya Ngala, Kenya African People's Party ya Muliro, na Wasomali wakawamo. Hakuna aliyejiunga kama mtu mmoja mmoja. Waliingia kama vikundi vilivyokwisha kujipanga, kila kikundi na kiongozi wake.

KANU nayo ilikuwa hivyo hivyo, tusidanganyane. Ilizaliwa Kiambu miezi hiyo hiyo, na tangu siku ya kwanza tawi la wilaya lilikuwa ufalme wa mtu.

Sasa miaka ya 1920, maana hapo umenigusa. Harry Thuku alikuwa mfanyakazi wa simu hapa mjini. Mwaka 1921 walianza na Young Kikuyu Association, na mwezi mmoja tu baadaye wakaliacha jina hilo wakajiita East African Association. Kwa nini? Kwa sababu Nairobi ilikuwa na watu wa kila upande, na kipande, kodi ya kibanda na kupunguzwa mshahara havikumchagua Mkikuyu. Chama kile kilikuwa na Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waganda, na kilisaidiwa na Wahindi kama Manilal Desai.

Kilichofuata mnakijua. Thuku alikamatwa Machi 1922, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliosita, na risasi zikapigwa tarehe 16 Machi. Serikali ilikiri vifo zaidi ya ishirini, na walioshuhudia walisema ni zaidi sana. Thuku akapelekwa Kismayu bila kesi. East African Association ikafa.

Na baada ya hapo, vyama gani viliachwa viishi? Young Kavirondo Association iliwekwa chini ya ulezi wa kasisi Owen, ikawa chama cha ustawi wa walipa kodi. Mwaka 1924 sheria ikaanzisha mabaraza ya wenyeji, kila wilaya lake, mwenyekiti akiwa ofisa wa wilaya mwenyewe. Ukiwa na malalamiko, yapeleke huko, kwenu. KCA ilivumiliwa kwa shida, lakini ilivumiliwa kwa sababu ilionekana ni ya Wakikuyu peke yao. Cha watu wote kilipigwa risasi, vya sehemu sehemu vikapewa viti. Watu waliokuja baadaye walikuwa na macho. Waliona.

---

Mtoto wa Wundanyi

Mmeniita bila kunitaja. Nimefurahi kuona Taita imetajwa hapo juu, kwa kawaida watu wa Nairobi hutupita kama treni ya usiku.

Ndugu wa Ravine anauliza kuhusu vyama vya kabila vya zamani. Mfano wetu unaonyesha kwamba hata chama chenye jina la kabila kilikuwa tayari kushikana mkono na jirani. Ukamba Members Association ilianzishwa mwaka 1938, serikali ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe ikisema wanaharibu ardhi, na ng'ombe hao wakauzwa kwa bei ya kutupa kwenye kiwanda cha nyama Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Mbingu akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Lakini serikali ikaacha kuuza mifugo ya watu kwa lazima. Walishinda.

Mwaka uliofuata sisi tukaunda Taita Hills Association chini ya mzee Mengo, kwa sababu ya ardhi iliyokuwa ikichukuliwa na mashamba ya mkonge na watu kutaka kuhamishwa. Na hapa ndipo nataka mwangalie vizuri: vyama hivi vitatu, KCA, wa Ukambani na wa Taita, vilikuwa vinawasiliana. KCA ilikuwa na watu Nairobi wanaojua kuandika barua za malalamiko mpaka London, na ujuzi huo ukafika Machakos na Wundanyi. Majina yalikuwa ya kabila, siasa ilikuwa imeanza kuvuka mipaka.

Mei 1940 vyote vitatu vikapigwa marufuku kwa pamoja, kwa kanuni za wakati wa vita. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na shaka ya uhusiano na adui, eti Waitaliano waliokuwa Ethiopia. Viongozi wakafungiwa Kapenguria pamoja. Serikali ilijua wanashirikiana, ndiyo maana haikumpiga mmoja mmoja.

Wazee wetu walitoka kule wakiwa na somo ambalo hakuna aliyeliandika, lakini kila nyumba ililijua: ukitaka chama chako kiishi, usionekane na wenzako wa ng'ambo.

---

Wakili wa Umoja

Niingie upande wa sheria yenyewe, maana wengi wanaongelea "marufuku" kana kwamba ilikuwa amri moja ya hasira.

Nguvu ya sheria ya 1952 ilikuwa katika mambo matatu. Msajili aliweza kukataa chama akiona kinaweza kuhatarisha amani, ustawi au utaratibu mwema wa nchi, maneno mapana mno yasiyo na kipimo. Tawi nalo lilihitaji kusajiliwa lenyewe, kwa hiyo hata ukipata cheti makao makuu, kila wilaya ni vita mpya. Na viongozi walipaswa kuandikishwa kwa majina, kwa hiyo serikali ilikuwa na sauti juu ya nani awe kiongozi wenu.

Hilo la tatu liliwaumiza KANU mwaka 1960. Wajumbe wa Kiambu walimtaka Kenyatta awe rais wa chama. Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Msajili akasema chama chenye rais wa namna hiyo hakitasajiliwa. Ndipo James Gichuru akashika kiti, Odinga makamu, Mboya katibu mkuu. Ngala na Moi walichaguliwa kuwa mweka hazina na msaidizi wake, wakakataa, wakaelekea Ngong.

Kuna hatua moja ya katikati ambayo mwanzisha uzi ameiruka, ya mwaka 1959. Serikali ilianza kulegeza ikasema chama cha nchi nzima kinaweza kusajiliwa endapo ni cha rangi zote. Muliro, Ngala, Moi na Towett wakaunda Kenya National Party yenye Waasia na Wazungu ndani, wakaruhusiwa. Odinga, Mboya na Kiano wakaunda Kenya Independence Movement ya Waafrika, wakanyimwa. Majina hayo yasome tena taratibu: mgawanyiko wa KANU na KADU ulionekana mwaka mmoja kabla, na uliundwa kwa sharti la usajili. Upande mmoja uliweza kufanya kazi mchana kweupe, upande mwingine haukuweza.

Na jambo la kusikitisha zaidi kwangu kama mwanasheria: uhuru ulipokuja, chombo hiki hatukukivunja. Sheria ya Vyama ya 1968 iliandikwa upya na bunge letu wenyewe ikiwa na mifupa ile ile. KPU (Kenya People's Union) ya Odinga, tangu 1966, ilisumbuliwa kwa kunyimwa vibali vya mikutano na usajili wa matawi mpaka ikabaki imebanwa Nyanza, kisha ikaitwa chama cha Waluo, kisha Oktoba 1969, siku chache baada ya damu kumwagika Kisumu, ikapigwa marufuku. Kaggia wa Kandara alikuwa ndani ya KPU, na Mkikuyu yule alipoteza kiti kwa ajili yake. Lakini nani anamkumbuka anapotaja KPU?

Kwa sheria hiyo hiyo, kundi la watu kumi au zaidi ni chama na lazima lisajiliwe. FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, ilipotangazwa Agosti 1991 ilikuwa na waanzilishi sita. Sita si kumi. Miezi michache nyuma Odinga alikuwa ameomba usajili wa chama chake kipya akanyimwa. Na Safina, iliyotangazwa 1995, ilisubiri cheti mpaka Novemba 1997, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

---

Mwana wa Kaloleni

Wakili, hiyo ya 1959 ni kweli niliiruka na ni nzito. Asante sana.

Niongeze ya Limuru, Machi 1966, kwa wanaodhani KANU ilikuwa chama cha kitaifa na KADU cha mikoa. Walipotaka kumwondoa Odinga kwenye umakamu wa rais wa chama, walikivunja kiti kimoja wakaunda viti vinane vya makamu, kimoja kwa kila mkoa na kimoja cha Nairobi. Chama tawala, katika mkutano wake mkuu, kilijigawa kwa ramani ile ile ya mkoloni.

---

Msukuma wa Eastleigh

Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mtanzania, nafanya biashara hapa Eastleigh, nasoma tu kimya kimya ila hapa nimeshindwa kunyamaza.

Kwetu nako mkoloni alileta sheria ya vyama mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, Saba Saba. Nako matawi yalilazimika kusajiliwa moja moja. Sisi Wasukuma ndio tuliochapwa zaidi: TANU ilifungiwa Usukumani tangu 1954 mpaka 1958. Lakini hata ilipofungiwa, wazee wetu hawakuanzisha chama cha Wasukuma cha siasa. Walijificha ndani ya ushirika wa pamba, wakina Bomani, wakangoja.

Tofauti ninayoiona ni hii. Kwetu chama cha nchi nzima kiliruhusiwa, kikabanwa sehemu sehemu. Kwenu sehemu sehemu ziliruhusiwa, cha nchi nzima kikabanwa. Mtu akifungiwa Mwanza alijua chama chake kipo Dar es Salaam kinamsubiri. Mluo wa 1956 alikuwa anasubiri nini?

Lakini nikubaliane kidogo na ndugu wa Ravine. Kwetu masetla walikuwa wachache, na hatukuwa na Nyanda za Juu za kugombania. Sheria peke yake haielezi yote.

---

Kijana wa Roysambu

Swali, wakubwa. Kama sheria ndiyo iliyozaa vyama vya mikoa, leo sheria inasema kinyume kabisa. Mbona vyama bado ni vya mikoa?

---

Wakili wa Umoja

Kijana, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Ni kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kinatakiwa kiwe na ofisi katika zaidi ya nusu ya kaunti pia.

Nimefanya kazi ya kuwasaidia watu kuandaa faili hizo. Ofisi ya kaunti ya mbali mara nyingi ni chumba chenye bango na mlinzi. Wanachama elfu moja ni majina kwenye orodha, na kila mara utasikia mwananchi analalamika amejikuta kwenye chama asichokijua. Sheria inapima upana wa karatasi. Haipimi kama kuna mkutano wa tawi, kama kuna uchaguzi wa ndani, kama mtu wa Lodwar ana neno lolote juu ya mgombea wa Nairobi.

Mkoloni alikataza jambo na akalisimamia kwa polisi kwa miaka mingi. Sisi tunaamuru jambo na kulisimamia kwa fomu. Unategemea matokeo yalingane?

---

Shiro wa Pangani

Na miungano ya vyama imeongeza kitu. Sasa faida iko kwa mwenye chama cha kwao: analeta kura za eneo lake kwenye meza ya muungano, anaondoka na mawaziri. Akivunja chama chake akaingia kwenye kimoja kikubwa, anakwenda mezani na nini?

---

Mkaazi wa Ravine

Nimesoma yote. Wakili amenipa jambo la kufikiria kwa hiyo ya 1959, sikulijua kwa undani ule.

Lakini Mwana wa Kaloleni, hoja yako ina mtihani mmoja rahisi. Kama ni mpaka wa wilaya uliozaa chama cha kabila, basi wilaya yenye makabila yote ingezaa chama cha makabila yote. Wilaya kama hiyo ilikuwa moja, hii tuliyomo. Nairobi ilifanya nini? Maana mwaka 1957 Mboya alishinda hapa, sawa, lakini Wakikuyu walikuwa wameondolewa mjini kwa msako wa Anvil wa Aprili 1954, maelfu kwa maelfu, na waliobaki wengi hawakuwa na hati ya kupiga kura. Alishinda kwenye mji uliopunguzwa watu. Hilo halithibitishi kitu.

---

Mwana wa Kaloleni

Mzee wa Ravine, hapo ndipo nilipokuwa natamani tufike.

Ya 1957 nakubali. Hesabu ilikuwa imeharibiwa na Anvil, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Argwings-Kodhek, Mluo mwenzake. Tuiweke kando.

Tazama kilichofanyika baadaye. Mboya alijenga chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, ndani ya mpaka ule ule wa wilaya uliowafunga wengine wote. Alikijenga juu ya vyama vya wafanyakazi: reli, manispaa, majumbani. Mtu aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo, wazazi wakitoka Rusinga, anaongea Kikamba, Kikuyu na Kiswahili kama maji. Kamati za mitaa yetu hii, Kaloleni, Pumwani, Ziwani, Bahati, zilikaa Mluo, Mkamba, Mkikuyu aliyerudi, Mluhya, Mnubi. Gazeti lao liliitwa Uhuru. Machi 1959 serikali ikavamia nyumba za wanachama usiku, ikakamata watu, ikalifungia gazeti. Mwaka uliotangulia Mboya alikuwa amejaribu kuvikutanisha vyama vya wilaya mbalimbali viwe na chombo kimoja, akakatazwa. Chama kilichokuwa na sura ya nchi kilikuwepo, na kilikuwa katika wilaya pekee ambayo mpaka wake haukuwa mpaka wa kabila.

Mwaka 1961, Februari. Hali ya hatari imeisha tangu Januari 1960, Wakikuyu wamerudi mjini, hati za utiifu hazipo tena. Kiti cha Nairobi Mashariki. Mboya anagombea dhidi ya daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu, wa ukoo wenye jina zito, na wapiga kura wengi wa eneo lile ni Wakikuyu. Mboya alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi.

---

Mkaazi wa Ravine

Walikuwa wanaipigia KANU na Kenyatta, si Mboya.

---

Mwana wa Kaloleni

Waiyaki naye alikuwa KANU, mzee wangu. Na aliyekuwa nyuma yake, akimpinga Mboya, alikuwa Odinga.